Usiache kazi kabla hawajakupunguza: jibu kwa dada wa Lowell

Dada mmoja anayeishi Lowell, Massachusetts ameniandikia, nimefupisha na kutoa vitu vya kumtambulisha:

"Kaka shikamoo. Nafanya kazi kampuni inayouza fanicha mtandaoni hapa Boston, mwaka wa sita sasa, upande wa kupanga usafirishaji wa mizigo. Nina miaka 43, nina grinkadi, mume na watoto wawili, na bima ya afya ya nyumba nzima iko kwangu. Wametutangazia wanapanga upya muundo wa kampuni na kuna nafasi zitafutwa. Tathmini yangu ya mwaka jana ilikuwa nzuri sana. Mume wangu anasema nikamuone bosi nijieleze. Kaka yangu yuko Moshi anasema bora niache mwenyewe kwa heshima kuliko kufukuzwa. Mimi najiuliza imekuwaje, wakati wa korona walikuwa wanaajiri kila wiki. Na kiinua mgongo kisheria ni mwezi mmoja kwa kila mwaka niliofanya kazi, au? Mama nyumbani bado sijamwambia."

Marahaba dada yangu. Pole kwa huo mzigo, najua usingizi unavyokatika watu wakisubiri tangazo, na kusubiri kwenyewe kunachosha kuliko hata siku yenyewe.

Nianze na la kaka yako manake ndo lenye hatari kubwa. Usiache kazi. Usiandike barua, usimtumie bosi meseji usiku ukiwa na uchungu, hata kwenye kikao usiseme "nafikiria kuondoka" manake maneno hayo yanaandikwa mahali. Kaka yako anakupenda na anaongea kwa heshima ya nyumbani, ila huku mambo yamekaa vingine. Ukiacha mwenyewe, ile hela ya wasio na kazi ya jimbo la Massachusetts kwa kawaida unaikosa, na ofa ya kampuni unaikosa, yaani unawafanyia kazi yao bure. Ukipunguzwa unaiomba wiki ile ile, ni takriban nusu ya wastani wa mshahara wako wa wiki hadi kikomo walichoweka, inaweza kwenda mpaka wiki 26, na kuna dola 25 za ziada kwa wiki kwa kila mtoto unayemlea. Inatoka kwenye mfuko ambao waajiri wanauchangia kwa ajili ya siku kama hiyo. Na usiogope watu wanaosema itakuharibia uraia, hiyo haihesabiwi kama kuitegemea serikali kwenye mambo ya uhamiaji.

Alafu hilo neno kufukuzwa tuliache. Kufukuzwa ni mtu kaiba, kagombana, kashindwa kazi. Wewe ukiguswa utakuwa umepunguzwa, na kwenye kuomba kazi nyingine kila mwajiri wa huku anajua tofauti. Wazee wetu miaka ya tisini walipunguzwa kwenye mashirika ya umma kwa maelfu na hakuna aliyewaita wezi, walikuwa mafundi wazuri tu ambao shirika limeisha chini ya miguu yao.

Sasa imekuwaje. Sitaizungumzia kampuni yako, siioni kwa ndani, ila nakupa ya Wayfair manake hesabu zao ziko wazi kila mtu anazisoma na ndo biashara hiyo hiyo, mji huo huo. Niraj Shah na Steve Conine waliianza 2002, mwanzoni ikiitwa CSN Stores, na 2014 ikaingia soko la hisa la New York. Mauzo ya 2019 yalikuwa kama dola bilioni 9.1. Ikaja korona, watu wamefungiwa ndani wanaangalia makochi yao yaliyochoka, wanataka meza ya kufanyia kazi nyumbani, hela ya safari haitumiki, mauzo ya 2020 yakaruka mpaka bilioni 14.1 na kampuni ikapata faida ya mwaka mzima kwa mara ya kwanza tangu iingie sokoni, kama dola milioni 185. Hisa moja Machi 2021 ilipita dola 340. Sasa hapo ndo kosa linapoanzia, na si la Wayfair peke yao: viongozi wakaamini kwamba ule mwaka mmoja ndo hali mpya ya dunia, wakaajiri ofisini kana kwamba mauzo yataendelea kupanda hivyo hivyo.

Kochi si mkate dada. Mtu akinunua kochi leo hakurudii tena miaka saba au kumi, kwahiyo ule mwaka wa 2020 wateja wengi walikuwa wamenunua mapema vitu ambavyo wangenunua 2022 au 2023. Na watu wananunua fanicha wakihama nyumba. Riba ya mkopo wa nyumba Marekani ilikuwa karibu asilimia 3 mwaka 2021, ikapita 7 mwaka 2023, watu wakakaa kwenye nyumba zao wasiuze manake wakiuza watakopa kwa riba kubwa, mpaka nyumba zilizouzwa 2023 zikawa chache kuliko mwaka wowote tangu 1995. Hakuna kuhama, hakuna kochi. Jumlisha gharama ya matangazo, manake duka la mtandaoni halina watu wanaopita barabarani wakaingia, kila mteja lazima umtafute kwa kulipia tangazo, na mteja mwenyewe anarudi mara moja kwa miaka kadhaa. Wayfair wakapata hasara ya zaidi ya dola bilioni 1.3 mwaka 2022, hisa ikawa chini ya dola 40 mwisho wa mwaka huo.

Kampuni ikifika hapo inaangalia gharama gani inaweza kukatwa haraka. Usafirishaji haukatiki, kitanda lazima kifike kwa mteja. Matangazo ukikata mauzo yanaanguka kesho yake. Deni lazima ulipe. Kinachobaki ni mishahara ya ofisini. Agosti 19, 2022 wakapunguza watu wapatao 870. Januari 20, 2023 wengine 1,750. Januari 19, 2024 wengine 1,650, ambao walikuwa asilimia 13 ya wafanyakazi wote na asilimia 19 ya watu wa ofisini, na Shah mwenyewe akaandika kwamba waliajiri kupita kiasi ofisini wakati wa korona. Angalia kalenda, hizo tarehe zote tatu ni Ijumaa. Alafu Januari 2025 wakafunga biashara ya Ujerumani, nafasi zipatazo 730, na Machi mwaka huo huo wakapunguza watu 340 wa teknolojia na kufunga kituo chao cha Austin, Texas. Siku ya tangazo la Januari 2024 hisa ilipanda. Hilo ndo huwaumiza watu kuliko yote, unafunga vitu vyako kwenye boksi na mahali fulani kuna mtu anapongezana na mwenzie.

Na mwezi mmoja kabla ya hapo, Desemba 2023, wafanyakazi walikuwa wameandikiwa ujumbe kwamba kampuni imerudi kushinda na wasiogope kufanya kazi saa nyingi. Sisemi waliwadanganya, nasema ukisikia bosi anasifia timu usichukue kama ahadi, manake wanaosifia na wanaopiga hesabu ya nafasi mara nyingi ni watu tofauti, vyumba tofauti.

Ndo maana la mume wako nalo sikushauri, angalau si kwa namna anayofikiria. Orodha ya namna hii haitengenezwi kwa kuuliza nani mzuri nani mbaya. Wanaanza na namba: tunataka kuokoa dola kadhaa. Wanaangalia tabaka za mameneja zilizozidi, timu mbili zinazofanya kitu kimoja, kazi inayoweza kuhamishiwa mji wenye mishahara midogo, mradi unaofutwa. Jina lako linaingia au haliingii kwa sababu ya boksi ulilokaa kwenye mchoro wa muundo wa kampuni. Nimekaa upande wa HR, yaani idara ya wafanyakazi, miaka mingi, nimeona mtu mwenye tathmini ya juu kabisa kaondoka na wa kawaida kabaki, sababu wa kawaida alikuwa kwenye mradi unaobaki. Meneja wako wa moja kwa moja mara nyingi anaambiwa siku mbili kabla, au asubuhi ile ile, na mwingine hata yeye yumo. Ukienda kumlilia atakuonea huruma ila hana kalamu. Kitu unachoweza kumuuliza, na bila kulia, ni "kazi gani zitabaki baada ya mpango huu, na naweza kusaidia wapi?" na kama kuna nafasi imetangazwa kwenye timu inayoonekana itabaki, omba wiki hii, usisubiri.

Kiinua mgongo. Hapa najua nitakuvunja moyo. Nyumbani Tanzania sheria ya ajira ya 2004 inasema siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilisha, mpaka miaka 10, na mwajiri lazima akae nanyi mshauriane kabla ya kupunguza. Kenya ni siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka, na notisi ya mwezi kwa chama, au kwako mwenyewe kama huna chama, na kwa ofisa wa kazi. Marekani sheria ya shirikisho haimlazimishi mwajiri binafsi kukupa kiinua mgongo hata senti moja. Wanachokupa ni ofa. Wanakupa kwa sababu wanataka kitu kutoka kwako, na hicho kitu ni saini yako kwamba hutawashtaki kwa lolote. Ukishaelewa hivyo unaona kwamba ile karatasi ni biashara, wao wananunua na wewe unauza, na muuzaji hauzi bila kujua anauza nini.

Kuna sheria ya WARN ya 1988, inawahusu waajiri wenye watu 100 na zaidi, inataka notisi ya siku 60. Ila ina masharti: kwenye sehemu moja ya kazi wapunguzwe watu 50 au zaidi na wawe theluthi moja ya watu wa hapo, au wafike 500, au sehemu yenyewe ifungwe na watu 50 au zaidi wakose kazi. Kwahiyo kampuni kubwa inaweza kupunguza watu mia na isiguswe. Ikiguswa na haikutoa notisi inadaiwa mishahara hadi ya siku 60. Wengi wanakuweka kwenye orodha ya mshahara hizo siku 60 bila kufanya kazi. Hapo usichanganye: mshahara wa notisi ni haki yako kama sheria inakuhusu, hausaini chochote kuupata. Wakikuwekea vyote kwenye karatasi moja kama zawadi, uliza kipi ni kipi. Na huo wa notisi unaweza kuisogeza mbele ile hela ya wasio na kazi, wakati kiinua mgongo ulichosainia kuachilia madai Massachusetts hakiisogezi. Hapa watu wengi wa kwetu wanapoteza wiki nzima nzima kwa kudhani wasubiri hela ya kampuni iishe ndo waombe.

Nikuambie yangu. Mara ya kwanza mimi kupunguzwa, kampuni siitaji, nilisaini ndani ya dakika kumi, pale pale mezani, kwa kalamu yao. Nilitaka tu kutoka kile chumba kabla machozi hayajatoka. Bonasi ya mwaka ilikuwa imebakiza wiki tatu kulipwa, nilikuwa nimeifanyia kazi miezi 12, na sikuuliza. Mwenzangu wa dawati la pili aliichukua karatasi akaenda nayo nyumbani, akauliza swali moja tu kuhusu bonasi, wakampa sehemu yake. Tulikuwa na cheo kimoja na miaka sawa. Mpaka leo hilo linaniuma na ndo sababu nimeandika marefu hivi.

Kwahiyo wewe siku ile, na ikiwa Ijumaa kama wenzio, sikiliza, sema asante, chukua karatasi, usisaini. Watakuambia ofa ina mwisho, sawa, ila wewe una miaka 43 na hilo linakupa kitu ambacho wa miaka 35 hana. Sheria ya kulinda wafanyakazi wenye umri wa miaka 40 na zaidi inasema kwenye upunguzaji wa kundi lazima wakupe siku 45 za kufikiri, na ukishasaini una siku 7 za kubadili mawazo. Na lazima wakupe orodha ya vyeo na umri wa waliochaguliwa na wasiochaguliwa kwenye kitengo chako. Haina majina, ni namba tu, ila isome kwa utulivu. Ukiona kwenye timu ya watu 20 walioondoka karibu wote wamepita 40 na waliobaki ni vijana, mtafute mwanasheria wa kazi kabla ya kitu kingine, hata mashauriano ya saa moja. Siku 45 si kwamba lazima uzitumie zote, maana yake ni kwamba hakuna mtu ana haki ya kukuharakisha.

Mambo ya kuuliza kwa maandishi, kwa upole: bonasi ya mwaka huu, hisa za kampuni ulizoahidiwa ambazo zilikuwa zikomae, yaani ziwe zako, mwezi huu au ujao (ambazo hazijakomaa kwa kawaida zinapotea siku unayotoka, lakini mara nyingine wanakubali kusogeza tarehe), wachangie bima miezi mingapi, na barua ya kuthibitisha kwamba nafasi imefutwa na si utendaji. Mchango wa mwajiri kwenye akiba yako ya uzeeni ya 401(k) nao ukague, manake kampuni ikipunguza asilimia 20 au zaidi ya wanachama wa mpango, kwa kawaida hata ile sehemu ambayo ilikuwa bado haijawa yako inakuwa yako yote. Na kama uliwahi kusaini mkataba wa kutofanya kazi kwa washindani, Massachusetts tangu sheria ya 2018 haiwezi kutumika kwa aliyepunguzwa, labda kama umekubali upya kwenye hiyo karatasi ya kuondokea, kwahiyo soma vizuri kama wameichomeka humo.

Likizo usiisahau kabisa. Massachusetts ukiondolewa, mshahara wako wote pamoja na siku za likizo ulizojikusanyia vinatakiwa vilipwe siku hiyo hiyo ya mwisho. Hapo jirani yako Methuen kulikuwa na mfanyakazi wa mji aliyelipwa likizo yake wiki tatu baadaye, kesi ikafika mahakama ya juu kabisa ya jimbo na 2022 wakaamua aliyecheleweshewa analipwa mara tatu ya kile kilichochelewa. Leo jioni piga skrinshoti ya salio lako la likizo. Kama kampuni yako ni ya zile zinazosema likizo haina kikomo basi hakuna salio, na hapo hakuna cha kudai.

Wakati uko kwenye hiyo skrinshoti, chukua na vingine vya kwako: slipu za mshahara, barua ya ajira, tathmini zako, taarifa za hisa, namba za simu za wenzako. Vya kwako tu. Mafaili ya kampuni, orodha za wasambazaji, ripoti, usijitumie kwenye barua pepe binafsi hata kama ulizitengeneza wewe, manake hapo ndo wanapata sababu ya kukutoa kwa kosa na ofa yote inayeyuka. Na fanya mapema, laptopu huwa inafungwa mkiwa bado kwenye kikao.

Bima. Hii ndo naona inakutisha kuliko mshahara na una haki. Ikikatika una siku 60 za kuamua kuendelea na bima ile ile kupitia COBRA, mpaka miezi 18, lakini unalipa wewe gharama nzima ikiwemo ile sehemu ya mwajiri, hadi asilimia 102, na kwa familia ya watu wanne ni hela nyingi mno. Ila ukiichagua ndani ya zile siku 60 inarudi nyuma mpaka siku ile ya kwanza, kwahiyo huna haja ya kukimbilia kulipa mwezi wa kwanza kama wote mko salama, mtoto akivunjika mkono wiki ya tano unaweza kuichukua hapo ukalipa na ya nyuma. Wakati huo huo angalia Health Connector, soko la bima la jimbo, kipato kikishuka bei inashuka sana na watoto wanaweza kuingia MassHealth, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Kama kazi ya mume wako ina bima ana siku 30 tu za kuwaingiza, hiyo ndo yenye haraka, mwambie aulize HR yake wiki hii.

Wenye viza ya kazi ya H-1B wanaosoma hapa, kwenu hesabu ni nyingine, mna hadi siku 60 za kupata mwajiri mwingine au kubadili hadhi, nanyi mkamuone mwanasheria wa uhamiaji siku ile ile.

Kuna kampuni nyingine ya fanicha mtandaoni, Made.com ya London, iliingia soko la hisa Juni 2021 ikiwa na thamani ya pauni milioni 775. Novemba 2022 ilikufa, kampuni ya maduka ya Next wakanunua jina na tovuti kwa pauni milioni 3.4. Jina na tovuti. Wafanyakazi 320 wakaondolewa mara moja. Nakutajia hiyo kwa sababu moja: kampuni inayopunguza watu bado ina hela ya kutoa ofa na ina haja na saini yako. Ikishakufa hakuna wa kujadiliana naye, unapanga foleni na wadai wengine. Kwahiyo ukisikia kwamba hali ya kampuni yenu ni mbaya kuliko wanavyosema, zile siku 45 usizivute mpaka ya 44.

La mama. Mwambie sasa, kabla. Sio umwambie umepunguzwa, mwambie kazini kuna mtikisiko na kwamba hela ya mwezi inaweza kupungua kwa muda, na taja kiasi, manake mzazi akijua kiasi anajipanga, akiachwa gizani anakopa kwa kutegemea wewe. Kama kuna ada au ujenzi unaendelea Moshi, simamisha ujenzi leo, saruji haiozi ikiwa bado dukani. Na kaka yako mpigie mwenyewe umweleze kwa nini huachi kazi, msomee hata hapo juu pa wiki 26, ataelewa.

Ukipata karatasi nitumie vipengele vyenye utata, futa jina lako na la kampuni.